Darubini Isihame: Vishikizo vya Bunduki Zenye Teke Kali

ZAWADI: Karibuni tena jamani. Ni mimi Zawadi, tuko Arusha na kaka Elibariki. Shikamoo kaka.

ELIBARIKI: Marahaba dada. Wasikilizaji, hamjambo.

ZAWADI: Leo tuongelee vishikizo vya darubini kwenye bunduki kubwa, hasa vile vinavyorekebishika. Kwa sheria yetu nyati hapigwi na bunduki iliyo chini ya .375 (kipenyo cha risasi kwa inchi), na .375 H&H, tangu ilipotoka mwaka 1912, inajulikana kwa teke. Kwanza, kwa nini darubini inahama?

ELIBARIKI: Wengi wanadhani darubini inasukumwa. Sivyo. Bunduki ndiyo inayorudi nyuma, karibu mita 5 kwa sekunde, na ile darubini yenye nusu kilo inataka kubaki pale pale ilipo. Ndiyo maana ukichunguza pete, utakuta bomba limeteleza kwenda mbele. Teke la .375 ni karibu mara mbili ya .308, kwa bunduki zenye uzito sawa. Kishikizo kilichokaa miaka 10 kwenye .308 bila tatizo, kwenye .375 kinaweza kulegea siku moja.

ZAWADI: Na hivi vya kurekebisha vinasaidia nini hasa?

ELIBARIKI: Kuna bunduki ambazo matundu ya skrubu juu yake hayakutobolewa sawasawa na mtutu. Ukifunga darubini, unazungusha vitufe vyake mpaka mwisho na risasi bado zinakwenda kushoto. Hapo unahitaji kishikizo kinachokuruhusu kuinyoosha darubini yenyewe. Kuna muundo wa zamani wa kampuni ya Redfield, ambao Leupold nao wanautengeneza: pete ya mbele ina ulimi unaoingia kwenye besi, yaani kile kipande kinachofungwa juu ya bunduki, na kuzungushwa, ya nyuma inabanwa na skrubu mbili, moja kila upande. Unalegeza hii, unakaza ile, darubini inasogea.

ZAWADI: Huo ndio uliomsumbua yule mgeni wako wa uwindaji.

ELIBARIKI: Ndio huo, dada. Alikuja na .416, besi ya aina hiyo. Aliilenga vizuri siku ya kwanza, siku ya tatu risasi zikawa zinatawanyika. Tulipofungua, skrubu moja ya nyuma ilikuwa imelegea, na ulimi wa mbele umelika hadi unang'aa. Pigo lote lilikuwa linabebwa na ulimi ule mmoja, maana zile skrubu za pembeni zinabana tu, hazina kitu cha kuzuia mwendo wa mbele na nyuma. Mimi msimamo wangu ni huu, na siubadilishi: sehemu inayorekebishika isiwe ndiyo inayobeba teke.

ZAWADI: Basi mtu anunue kipi?

ELIBARIKI: Kwa aliye na matundu yaliyopinda, napenda pete za Burris Signature. Ndani zina vipande vya plastiki ngumu vilivyotengenezwa kwa namba, 5, 10, 20, yaani sehemu za elfu za inchi. Unavipanga juu na chini, au kushoto na kulia, darubini inanyooka. Pete yenyewe haisogei, na plastiki ile inalikumbatia bomba bila kulikwaruza. Kisha ziweke kwenye besi yenye mifereji ya kukingama, aina ya Picatinny. Ule upau wa chini ya pete unaingia mferejini. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapokosea: kabla hujakaza, isukume pete mbele mpaka upau uguse ukuta wa mfereji. Ukiacha upenyo, kila risasi ni kama nyundo.

ZAWADI: Na skrubu za besi?

ELIBARIKI: Za kawaida, saizi ya 6-48, zina unene wa milimita 3.5. Kwa .375 kwenda juu, mpelekee fundi bunduki atanue matundu yawe 8-40, milimita 4.2. Skrubu zifutwe mafuta kwa spiriti, zitiwe tone la gundi ya bluu ya kuzuia skrubu zisilegee, zikazwe kwa spana yenye kipimo kama alivyoandika mtengenezaji. Usikaze kwa hisia za mkono.

ZAWADI: Besi zilizoinama je, za dakika 20 za pembe?

ELIBARIKI: Hizo ni za kupiga mbali. Nyati tunampiga mita 50, 80. Achana nazo.

ZAWADI: Vipi za kutoa kwa mkono?

ELIBARIKI: Hizo nazipigia debe kabisa. Ukimfuata nyati aliyejeruhiwa kichakani unataka darubini itoke haraka utumie shabaha za chuma zilizo kwenye mtutu. Ila ijaribu nyumbani: piga 3, itoe, irudishe, piga 3 tena. Makundi mawili yasipokaa pamoja, rudisha dukani. Na iache sentimita 9 au zaidi kutoka jichoni. Nimeshashona nyusi za watu wawili porini kwa sababu ya hilo.

ZAWADI: Na kutoka hapa mpaka kwenye kitalu cha uwindaji, barabara ile ya vumbi na makorongo, gari linatikisa kila kitu.

ELIBARIKI: Ndiyo maana tukifika kambini, karatasi ya kulengea inatangulia. Risasi 3 kabla ya kutoka. Na kuna mbinu ambayo wewe ndiye uliyenipa: rangi ya kucha. Chora mstari mwembamba unaoanzia kwenye pete na kuishia kwenye bomba. Mstari ukikatika, hata milimita moja, darubini imetembea.

ZAWADI: Nyekundu au nyeupe?

ELIBARIKI: Nyeupe. Nyekundu kwenye chuma cheusi huioni alfajiri.