Bonasi za benki Marekani: namna ya kuzifuatilia mpaka kwenye fomu ya kodi

Habari zenu ndugu zangu, karibuni. Leo hatupiki, sufuria ziko kabatini. Leo tunafungua jedwali, kwa sababu kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp kila siku naona linki: "Fungua akaunti hii upate dola 300, fungua ile upate 400." Linki zinatumwa, ila habari ya kodi haitumwi.

Tazameni kwanza barua hii kwenye skrini. Jina na anwani nimeziziba. Hapo pameandikwa CP2000. Ndiyo barua ambayo IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hukuandikia mapato uliyoyataja yasipolingana na yale waliyopelekewa na benki au mwajiri. Mimi ilinijia kwa bonasi ya dola 300. Benki iliiweka fomu ya kodi ya bonasi hiyo kwenye akaunti ya mtandaoni, mimi nilikuwa nimeshahamisha pesa na nywila nimeisahau. Kosa langu. Kodi nikalipa, na riba ya kuchelewa juu yake.

Sasa fungueni Google Sheets, jedwali jipya. Mstari mmoja kwa kila ofa. Na mstari huu unaujaza kabla hujabonyeza kitufe cha kufungua akaunti, maana ukisema utajaza jioni, hutajaza.

Safu ya kwanza ni jina la benki, na pembeni yake barua pepe uliyojisajilia. Safu inayofuata, picha ya masharti. Piga picha ya skrini ukurasa mzima, hadi yale maandishi madogo ya chini, uihifadhi kwenye folda. Ofa ikifungwa, ukurasa unaondolewa, na ukipiga simu kudai bonasi yako utabaki na neno lako tu.

Kisha sharti lenyewe. Mara nyingi wanataka mshahara uingizwe moja kwa moja na mwajiri, kiasi fulani ndani ya siku 60 au 90. Kujitumia mwenyewe kwa Zelle, ile huduma ya kutumiana pesa kati ya akaunti za benki, benki nyingi hawakuhesabu, na masharti yanasema hivyo waziwazi. Andika siku ya mwisho kama tarehe kamili, usiandike "miezi mitatu". Hapohapo weka ada ya mwezi na salio linaloifuta, pamoja na tarehe ambayo unaruhusiwa kufunga akaunti. Benki kadhaa zinakunyang'anya bonasi ukifunga kabla ya siku 180.

Safu inayofuata naipaka rangi ya njano: tarehe bonasi ilipoingia. Hii ndiyo inayoamua mwaka wa kodi, siyo tarehe uliyofungua akaunti. Ukifungua Novemba 2025 na bonasi ikaingia Januari 2026, hayo ni mapato ya 2026, utayatolea hesabu mwanzoni mwa 2027. Wengi hapa ndipo wanapopotea, kwa sababu kufikia wakati huo hata rangi ya kadi ya benki ile huikumbuki.

Tufike kwenye safu ya aina ya ofa. Hapa naomba tukae kidogo.

Bonasi ya kufungua akaunti ya benki kwa kawaida huhesabiwa kama riba, na huja kwenye Fomu 1099-INT. Benki inatakiwa kuitoa riba ya mwaka ikifika dola 10. Najua kuna ndugu zangu Waislamu wataliona neno riba pale na kushtuka. Mimi nawaeleza IRS inavyoiita kwenye karatasi. Hukumu yake muulizeni sheikh wenu, siingii huko.

Bonasi ya kadi ya mkopo ni habari nyingine. Ukiambiwa utumie dola 3,000 ndani ya miezi mitatu ndipo upewe dola 200, hiyo huchukuliwa kama punguzo la bei ya vitu ulivyonunua. Si mapato, hailipiwi kodi. Ila ukipewa bila kutakiwa kununua chochote, hapo inageuka. Mwaka 2014 Mahakama ya Kodi iliamua kesi ya mteja wa Citibank aliyepewa pointi kwa kufungua akaunti, akazibadilisha kuwa tiketi ya ndege ya dola 668. Ikaamuliwa ni mapato. Na mwaka 2021 kuna mume na mke waliojikusanyia zawadi za zaidi ya dola 300,000 kwa kadi ya American Express, wakinunua kadi za zawadi mfululizo. Mahakama ikasema zawadi walizopata kwa kununua kadi hizo ni punguzo, lakini zile za kununua hati za malipo ya fedha na kujaza salio kwenye kadi ni mapato. Siwashauri muwafuate, mahakamani hakuna mapumziko.

Kumwalika mtu nako ni mapato. Ukimtumia wifi yako linki ya kadi ukapewa dola 100, hukununua kitu, umelipwa. Fomu yake mara nyingi ni 1099-MISC. Kwa malipo ya 2025 na ya nyuma, kampuni ilitakiwa kuitoa ukifikisha dola 600. Kwa malipo ya kuanzia 2026 kiwango kimepanda hadi dola 2,000. Sasa msinisikie vibaya: kilichopanda ni kiwango cha wao kutoa fomu. Wajibu wako wa kutaja mapato uko palepale hata fomu isipokuja.

Ule unafuu wa kutuma pesa nyumbani mara ya kwanza, ada sifuri au kiwango kizuri cha kubadilisha, ni punguzo tu. Huna haja ya kuuandika.

Sasa hesabu. Dola 300, wewe uko kwenye asilimia 22 ya kodi ya shirikisho: toa 66. Ada ya mwezi dola 15, hukufikisha salio kwa miezi sita: toa 90. Umebaki na 144. Na ile ada ya akaunti yako binafsi huruhusiwi kuitoa kwenye mapato; kodi inapigwa kwenye 300 nzima. Wa Texas mnaishia hapo, jimbo halitozi kodi ya mapato. Wa Minnesota na Maine, ongezeni ya jimbo.

Jambo moja linaniuma: kuazimana majina. Shemeji anakuomba namba yako ya Social Security, ile namba ya utambulisho ya serikali, afungue akaunti "mgawane". Fomu itakuja kwa jina lako, kodi ni yako, na akaunti ikiingia deni ni wewe. Kataa, hata akinuna mpaka Eid.

Ikifika mwisho wa Januari, ingia kila akaunti iliyo kwenye jedwali, upakue fomu, uweke alama. Riba zote zinajumlishwa kwenye mstari wa 2b wa Fomu 1040, fomu kuu ya kodi ya mapato ya mwaka. Zikizidi dola 1,500, unaambatanisha Schedule B, ukurasa wa nyongeza wa kuorodhesha riba. Siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu kwa kawaida ni Aprili 15. Wenye kipato kidogo, tafuteni kituo cha VITA, mpango wa IRS wa watu wa kujitolea, wanakujazia fomu za kodi bure.

Mstari wangu wa nne huu hapa bado una alama nyekundu. Bonasi iliingia Februari, fomu siioni. Subirini niingie kwenye akaunti... "Nyaraka za kodi"... hii hapa, dola 200. Naipakua, naweka alama. Haya, maswali.