Mpiga besi naye ni mfanyakazi

Haya jamani tukae, wale wa nyuma sogeeni mbele viti vipo. Najua wengine mmeshuka jukwaani jana usiku wa manane na jioni mna mazoezi, kwa iyo sitawachosha sana, na tumechagua Jumatatu makusudi maana sie wikiendi yetu ndo hii.

Wengi mnanijua, nimepiga besi bendi za hapa Dar miaka ishirini na kitu. Staa sijawahi kuwa, mpiga besi hawi staa, mpaka siku asipokuwepo ndo watu wanaulizana mbona leo muziki umepwaya.

Tumeitana kuongelea chama cha wafanyakazi cha sie wanamuziki, ila naomba nianze na leso. Kuna ukumbi mmoja, siutaji, tulikuwa tunapiga kila Ijumaa. Mwimbaji wetu kabla hajaanza anatoa leso nyeupe mfukoni, anaikunja mara nne, anaizungushia maiki alafu anaikaza na mpira ule wa kufungia noti. Mashabiki wakaona ndo swaga zake, wakawa na wao wanakuja na leso nyeupe wanazipunga kwenye sebene. Ukweli maiki ilikuwa inapiga shoti. Nyaya za pale hazikuwa na ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini, mvua ikinyesha jukwaa linaloa, ukigusa maiki na midomo huku mkono uko kwenye gitaa unarushwa. Tukamwambia mwenye ukumbi, akasema ongeeni na mkurugenzi wenu, yaani mwenye bendi, mkurugenzi nae akasema ongeeni na mwenye ukumbi. Leso ilikaa pale miezi minane. (Mnacheka, najua mnacheka kwa sababu na nyie mnayo leso yenu mahali.)

Sasa tukikaa wanamuziki tukianza kulalamika tunalalamikia nini? Mirabaha, zile hela za mtunzi wimbo wake ukipigwa. Redio hazilipi, mitandao inatuibia, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, imefanya hivi haijafanya vile. Sawa, mirabaha ni haki, sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na vita hiyo iendelee. Ila nauliza, mpiga tumba ambae hajatunga wimbo hata mmoja, anaepanda jukwaani siku nne kwa wiki, mirabaha inamsaidia nini? Yeye shida yake iko getini saa tisa usiku, pale hela inapogawanywa. Mnaijua ile. Mkurugenzi kakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya taa na daftari, anatoa mafuta ya jenereta, anatoa gari ya kubebea vyombo, anatoa wale mabaunsa, anatoa spika iliyoungua mwezi uliopita ambayo kila wiki inaungua upya, alafu anakukunjia noti kwenye kiganja kama anakupa siri. Ukiuliza kiingilio kimepatikana ngapi unaambiwa we kijana una maneno mengi.

Wazee wetu hawakuishi hivi wote. NUTA Jazz ilianza 1964 na iliyokuwa inaimiliki ni NUTA yenyewe, chama cha wafanyakazi cha nchi nzima, baadae ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ndo hii Msondo Ngoma. Mlimani Park 1978 ilianzishwa na TTTS, shirika la usafiri na teksi, 1983 DDC, shirika la maendeleo la Dar, wakaichukua. Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Bima Lee ya shirika la bima. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa wa shirika, mwisho wa mwezi anasubiri mshahara kama karani. Vyombo vilikuwa vya shirika na ukinuna wanakwambia acha gitaa hapo uende, kwa iyo sisemi ilikuwa pepo. Mashirika yalipojitoa vikabaki vyombo chakavu na majina makubwa, ule mshahara ndo haukurithiwa na mtu. Mzee Gurumo, yule mwimbaji, aliingia Nuta Jazz mwaka ule wa 1964, alipostaafu 2013 habari kubwa mjini ikawa Diamond kampa gari. Diamond alifanya jambo la kiungwana, Mungu ambariki, ila lile gari lilikuwa zawadi, na mtu aliefanya kazi tangu kabla wengi wenu hamjazaliwa alitakiwa awe na pensheni yake anaenda kuichukua mwenyewe bila kumshukuru mtu.

Alafu kuna jibu tunalopewa kila siku, nyie sio waajiriwa, nyie ni deiwaka, vibarua wa siku, ni wasanii, mnakuja kwa mapenzi. Nataka leo mtu akikwambia hivo umwambie kifungu cha 61, Sheria ya Taasisi za Kazi Namba 7 ya 2004. Pale imeandikwa kwamba mtu anachukuliwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kama lipo hata moja kati ya mambo haya: mwingine ndo anakupangia namna ya kufanya kazi, anakupangia muda, umekuwa sehemu ya ile taasisi, unamtegemea kiuchumi, anakupa vifaa vya kazi, unamfanyia yeye tu, au kwa miezi mitatu iliyopita umemfanyia wastani wa saa 45 kwa mwezi. Kwa MWEZI jamani. Shoo tatu kwa wiki za saa sita sita ni saa 18, wiki nne ni 72, na hapo mazoezi sijaweka. Anaekupangia uvae suruali nyeupe Jumamosi na anaekukata hela ukichelewa saundicheki, gitaa ni lake, spika ni zake, huyo ni mwajiri wako hata akikuita mwanangu.

Na ukishakuwa mwajiriwa kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka uleule. Unatakiwa upewe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Usiku kisheria unaanza saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi na kila saa ya humo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sie kazi yetu YOTE iko humo! Kuna mtu humu amewahi kuiona hiyo asilimia 5? Haya.

Bima nako. Machi 2011 wasanii 13 wa Five Stars Modern Taarab walikufa kwenye ajali kule Mikumi, Morogoro, wanarudi kutoka shoo Mbeya. Siwasemi wao wala kundi lao, nawakumbusha tu kwamba barabara ni sehemu ya kazi yetu kama jukwaa lilivyo. Siku hizi upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mchango anatoa mwajiri peke yake, we hukatwi hata senti, ila kama kwenye makaratasi yake haupo, familia yako inaenda kusema nini pale dirishani? Na masikio pia. Wataalamu wa usalama kazini wanasema desibeli 85 mtu avumilie saa nane, kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa iyo kwenye 100 una dakika 15 tu. Sie tunakaa mbele ya drams saa sita. Mi sikio la kushoto linalia kama jiko la mchina usiku kucha, mke wangu kazoea kukaa kulia.

Nimesikia watu wanasema mwanamuziki hawezi kugoma. Marekani walishagoma. Tarehe 1 Agosti 1942 chama chao, mwenyekiti anaitwa James Petrillo, kikasema hakuna mwanachama kurekodi santuri mpaka kampuni zikubali kuchangia mfuko wa wanamuziki. Decca wakasaini 1943, Victor na Columbia wakabisha mpaka Novemba 1944 nao wakasaini. Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo penye utamu, waimbaji hawakuwemo kwenye kile chama, walihesabiwa sio wanamuziki, kwa iyo kampuni zikawachukua waimbaji zikawawekea kwaya nyuma badala ya vyombo, rekodi zikaendelea kutoka. Naangalia waimbaji wa humu ndani. Na wapiga vyombo mnaosema waimbaji wanaringa, nyie pia nawaangalia. Siku mkurugenzi akitaka kutuvunja ataanzia hapo hapo.

Vyama vya wasanii tunavyo, vingi tu, vinatusaidia misibani na kwenye tamasha. Ila lini kimekaa mezani na mwenye bendi kikajadili mshahara wako? Yule dada anaekuletea maji jukwaani anaweza kujiunga CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa mahotelini, wewe unaemjazia bosi wake ukumbi huna pa kwenda. Wale wa taarab Ramadhani ikiingia kundi linafunga mwezi mzima, mnakula nini? Mnakopa kwa mkurugenzi, Idi mosi mnapanda jukwaani kulipa deni.

Eeh, yule kijana wa kofia kanyoosha mkono. Anauliza bosi akijua kaingia chama si anafukuzwa? Anaweza kukufukuza, ndio, sikudanganyi. Ila kumfukuza mtu kwa sababu ya chama sheria inasema ni kinyume, na una siku 30 kwenda CMA, pale Tume ya Usuluhishi. Siku thelathini, usije baada ya miezi mitatu unalia. Alafu kumfukuza mpiga solo mmoja ni rahisi, kufukuza bendi nzima Ijumaa mchana wakati mabango yashabandikwa hicho ni kitu kingine.

Kuanzisha chama cha wafanyakazi sheria inataka kikao cha waajiriwa wasiopungua 20. Nimehesabu wakati mnaingia, tuko 34. Karatasi inaanzia kwa mama pale mlangoni, andika jina, bendi, chombo unachopiga, saini. Kalamu ziko mbili tu, ile ya bluu haitoi wino vizuri, ikwangue kwanza kwenye kiganja.