Hesabu ya Miunganisho Kabla ya Msimu wa Korosho

Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, habari za mchana.

Sisi wa Mtwara tunaujua mwezi ambao mifumo yetu italemewa. Oktoba ikiingia, korosho zinashuka maghalani, minada inaanza, na makarani wa vyama vya msingi, waendesha maghala na wanunuzi wanaingia kwenye hifadhidata kwa mkupuo. Mzigo unaojulikana mwezi wake, kwa nini utukute hatujaupigia hesabu?

Nazungumzia PgBouncer, programu inayokaa mbele ya PostgreSQL, yaani programu inayoendesha hifadhidata, na kuwagawia watumiaji wengi miunganisho michache. Kwenye Linux kila muunganisho huhesabiwa kama faili lililofunguliwa, na kwa kawaida mchakato, yaani programu inayoendeshwa, huanza na kikomo laini (kinachoweza kupandishwa) cha mafaili 1,024. Kikijaa, anayekuja hapokelewi hata kama prosesa imetulia na RAM ipo tele. Fundi anahangaika na mtandao, huku mkulima amesimama mbele ya karani akisubiri stakabadhi yake. Hilo linaniuma.

Sasa tupige hesabu. Tuseme mnatarajia wateja 2,000, hifadhidata 3 kwenye seva moja ya PostgreSQL, na watumiaji 2 kwa kila hifadhidata. PgBouncer isipobadilishwa hutoa miunganisho 20 kwa kila jozi ya hifadhidata na mtumiaji. Jozi ni 6, basi upande wa nyuma, wa kwenda PostgreSQL, unahitaji 120. Ngojeni hapo! PostgreSQL yenyewe huja na kikomo cha 100, na 3 kati ya hizo zimetengewa msimamizi mkuu. Kwa hiyo shusheni 20 iwe 15, mpate 90. Msikimbilie kupandisha ile 100, maana kila muunganisho wa PostgreSQL ni mchakato mzima unaokula RAM.

Wateja 2,000 na hizo 90, jumla ni 2,090. Ongezeni mafaili ya logi (kumbukumbu za matukio) na soketi za kusikilizia wateja wapya. Mimi ningeweka kikomo cha 4,096.

Mnaiweka wapi? Wengi huandika kwenye /etc/security/limits.conf, lakini huduma inayowashwa na systemd, programu inayosimamia huduma kwenye Linux, hailifuati faili hilo. Andikeni LimitNOFILE=4096 kwenye faili la huduma ya PgBouncer, fanyeni daemon-reload ili systemd isome mabadiliko, kisha muiwashe upya huduma. Fanyeni hivyo Septemba, mnada haujaanza.

Halafu msiridhike na mlichoandika. Someni faili la /proc, namba ya mchakato wa PgBouncer, limits: hapo ndipo kerneli, kiini cha Linux, inaonyesha kikomo kinachotumika kweli. PgBouncer nayo ikiwaka huandika kwenye logi kikomo ilichopewa na idadi ya juu inayotarajia kutumia. Idadi hiyo ikizidi kikomo, msifungue mfumo.