Jinsi ya Kutengeneza Kopolima ya Bloki Inayooza, na Kuipima

Karibu mtazamaji. Leo tunatengeneza kopolima ya bloki mbili, yaani mnyororo mmoja wa molekuli wenye sehemu mbili tofauti zilizounganishwa. Bloki ya kwanza ni polietilini glikoli, kwa kifupi PEG, inayopenda maji. Ya pili ni polilaktaidi, yaani PLA, ambayo haiyapendi, ila maji hayohayo huikatakata polepole hadi ibaki asidi ya laktiki. Vaa koti la maabara, glovu na miwani ya kinga, na fanya kila kitu ndani ya kabati linalovuta mvuke.

Tunaanza na kukausha, na hapa usiwe na haraka. Pima 5 g za PEG yenye uzito wa molekuli 5,000, ile ambayo ncha moja imefungwa kwa methoksi. Ncha iliyobaki wazi ina kundi la haidroksili, na hapo ndipo PLA itakapoota. Sasa piga hesabu: hizo 5 g ni milimoli 1 ya minyororo. Maji ya 18 mg, ambayo hayafiki hata nusu tone, nayo ni milimoli 1, na kila molekuli ya maji inaweza kuanzisha mnyororo wake wa PLA usio na PEG kabisa. Unyevu mdogo tu, nusu ya minyororo yako si kopolima tena. Kwa hiyo yeyusha PEG katika toluini, chemsha toluini itoke pamoja na maji, kisha unganisha chupa na pampu ya ombwe.

Ongeza 20 g za DL-laktaidi, malighafi ya PLA, iliyosafishwa na kukaushwa. Pitisha nitrojeni kavu, kisha dondosha kichocheo, oktoeti ya bati, kisichozidi 0.5% ya uzito wa laktaidi. Shusha chupa kwenye mafuta yenye joto la 130 °C, washa sumaku ya kukorogea. Tazama: ule unga unayeyuka na kuwa kama maji, halafu unaanza kuwa mzito kama asali, na sumaku inazunguka kwa shida. Hiyo ni dalili nzuri, minyororo inarefuka. Acha kwa saa kadhaa.

Ikipoa, yeyusha katika dikloromethani, kisha mimina kidogokidogo kwenye etha baridi huku ukikoroga. Polima itajitenga, nyeupe. Etha inashika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na cheche wala moto karibu. Chuja, kausha kwa ombwe.

Sasa vipimo. Kwenye NMR, kipimo cha usumaku kinachoonyesha haidrojeni za kila aina kama vilele, tafuta kilele cha PEG karibu na 3.6 ppm na cha PLA karibu na 5.2 ppm. Kilele cha PEG kipe thamani ya 454, kwa sababu mnyororo wake una haidrojeni takriban 454 za aina hiyo. Namba utakayosoma kwenye 5.2 ndiyo idadi ya vipande vya PLA. Izidishe kwa 72, uzito wa kipande kimoja, upate uzito wa bloki. Tulilenga 20,000 (20 g kwa milimoli 1 ya minyororo), kwa hiyo tunatarajia vipande kama 278.

NMR peke yake isikuridhishe, maana haitofautishi PLA iliyoshikana na PEG na ile iliyojiotea yenyewe. Pima na GPC, mashine inayotenganisha minyororo kwa ukubwa, mikubwa ikitoka kwanza: unataka kilele kimoja, kinachotoka mapema kuliko cha PEG uliyoanza nayo. Ukiona bega, yaani uvimbe mdogo, pembeni yake, rudi kwenye ukaushaji.

Mwisho, uozaji. Yeyusha polima tena katika dikloromethani, mimina kwenye sahani ya Teflon, ikauke iwe utando. Kata vipande, pima kila kimoja, weka kila kimoja kwenye kichupa chake chenye bafa ya fosfeti (mmumunyo unaozuia pH isibadilike upesi) ya pH 7.4, kwenye joto la 37 °C. Badilisha bafa mara kwa mara, kwa kuwa asidi inayotoka hushusha pH na kuharakisha uozaji. Kila wiki toa vipande kadhaa, suuza kwa maji yaliyotoneshwa, kausha hadi uzito usibadilike tena, ndipo upime. Na kila kipande ulichopima kipeleke GPC pia: minyororo huanza kukatika mapema, wakati mzani bado unaonyesha uzito karibu uleule.