Faiba Inayopima Eksirei: Dozi Inasomwa Hapohapo

Zuhura: Haya karibuni tena jamani, leo mimi na kaka Bakari tunaongelea faiba, nyuzi zilezile za intaneti, ila leo zinapima dozi ya eksirei. Bakari, anza na dozi.

Bakari: Dozi ni nishati ya mionzi inayobaki mwilini, tunaihesabu kwa grei, na grei moja ni juli moja kwa kila kilo. Ukiisikia unaona ni kitu kidogo sana, joto lake hata hulihisi, lakini grei 5 mwili mzima kwa mpigo mmoja inaua mtu asipotibiwa. Kwenye tiba ya saratani mara nyingi wanatoa kama grei 2 kwa siku, tena pale penye uvimbe tu.

Zuhura: Sa si mashine yenyewe inajua imetoa kiasi gani?

Bakari: Inajua ilichotoa dada, haijui kilichofika. Mgonjwa anapumua, kibofu kinajaa, utumbo unasogea, mpango ulichorwa juzi na mwili wa leo haujakaa vilevile. Mi hili linaniuma kweli, watu wanapigwa mionzi wiki nzima nzima na pale ndani hakuna aliyepima.

Zuhura: Na vipimo vya zamani?

Bakari: Kuna chemba ya ioni, kichemba cha hewa kinachopima umeme unaozalishwa na mionzi, hiyo ndo kipimo cha kuaminika kuliko vyote, ila inatembea na volti 300 hivi, hutaki kuiingiza ndani ya mtu. Alafu kuna vile vidonge vya lithiamu floraidi, unavibandika kwenye ngozi, tiba ikiisha unaenda kuvipasha moto ndo visomeke, kwa hiyo jibu linakuja dozi ishaingia.

Zuhura: Faiba inafanyaje tofauti?

Bakari: Kwenye ncha unagundisha sintileta, kipande cha milimita moja tu, eksirei ikikigonga kinatoa mwanga, mwanga unapita kwenye faiba mpaka chumba cha pili, huko kuna kihisi kinauhesabu. Dozi ikipanda mwanga unapanda, unaona hapohapo. Upande wa mgonjwa hakuna umeme wala chuma, ndo maana inafaa hata ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha kwa sumaku kubwa. Na ujue Röntgen mwenyewe mwaka 1895 aligundua eksirei kwa sababu skrini iliyopakwa kemikali iling'aa gizani, kwa hiyo tunatumia jambo lilelile.

Zuhura: Mbona inasikika rahisi hivyo?

Bakari: Ugumu ni kwamba faiba nayo inatoa mwanga wake! Eksirei inarusha elektroni ndani ya faiba ya plastiki, na elektroni ikikimbia ndani ya plastiki kuzidi kasi ya mwanga ndani ya plastiki hiyohiyo, unatokea mwanga wa kibluu, wanauita wa Cherenkov. Elektroni lazima iwe na nishati ya kama keV 180 kwenda juu, yaani ile inayopatikana kwa kusukumwa na kilovolti 180, kwa hiyo eksirei za picha za kawaida, zile za kilovolti 150 kushuka, hazifiki huko. Mashine za tiba za megavolti 6 ndo zenye kazi, maana mwanga huo unafuata urefu wa faiba iliyolala kwenye mionzi, sio dozi ya kwenye ncha, ukipanua miale kidogo tu namba inaruka wakati dozi ya kwenye ncha karibu haijabadilika.

Zuhura: Wanautoaje?

Bakari: Wengine wanalaza faiba ya pili pembeni, haina sintileta, alafu wanatoa mwanga wake kwenye hesabu. Wengine wanachuja kwa rangi. Mi ninayoipenda ni ya muda: mashine inapiga kwa vipigo vya mikrosekunde chache, Cherenkov inazimika palepale na kipigo, lakini sintileta ya gadoliniamu yenye tebiamu inaendelea kung'aa kijani kwa mamia ya mikrosekunde, kwa hiyo unasubiri kipigo kiishe ndo unaanza kuhesabu!

Zuhura: Aisee, hapo wamefikiri. Kwa hiyo hiyo ya gadoliniamu ndo bora?

Bakari: Inang'aa sana, ila gadoliniamu ni elementi nzito, inanyonya eksirei hafifu kuliko tishu, kwa hiyo eksirei hafifu na kali zikichanganyika inasoma juu kuliko ukweli. Sintileta ya plastiki iko karibu na maji kwa hiyo karibu na mwili, ila mwanga wake mdogo na joto linaugusa, ukiikalibreti, yaani ukiilinganisha na kipimo cha uhakika, kwenye ubaridi wa chumba alafu ukaiweka kwenye mwili wa nyuzi 37 inasoma pungufu.

Zuhura: Na nasikia kuna njia nyingine, ya faiba yenyewe kuwa nyeusi?

Bakari: Eeh, hiyo ni faiba ya kioo, mionzi inatia kioo giza, na ukichanganya fosforasi kwenye kioo giza linaongezeka kwa kufuata dozi, hapo faiba nzima inakuwa kipimo. CERN, ile maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, wanazilaza kwenye mahandaki, wanatuma mwanga na kusoma unaorudi, wanajua ni mita ipi imekula dozi. Kwa mgonjwa hiyo haifai, inataka dozi kubwa mno. Kwake ni ile ya sintileta, nayo inafifia kadiri inavyopigwa, kwa hiyo kila mara unairudisha kwenye chemba ya ioni uilinganishe kabla hujaiamini.