Mida: Fuata Maji, Usifuate Saa

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na wanafunzi, hamjambo. Nimeombwa nizungumze juu ya kwenda kutazama ndege wahamaji, na mwalimu aliyenialika amenionya mapema nisije na majina ya Kilatini. Sikuja nayo. Nimekuja na habari za maji.

Safari yangu ya kwanza Mida, huko karibu na Watamu, ilikuwa ya aibu. Nilitoka Mombasa usiku, darubini mpya shingoni, maana kila kitabu kilisema ndege hutazamwa asubuhi. Saa moja nikavuka lile daraja la kamba linaloning'inia katikati ya mikoko, nikaingia kwenye kibanda cha kuchungulia, nikatoa macho. Maji matupu! Yamejaa hadi kwenye mashina ya mikoko, na ndege hata wa dawa hakuna. Nikakaa. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mtumbwi akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia, ndege. Alicheka mpaka akaacha kupiga kasia. "Mwanangu, wewe umefuata saa, hukufuata maji. Hao watakula yakitoka."

Mhadhara wangu wote umo katika maneno ya mzee yule, lakini kwa kuwa nimepewa nusu saa, niyafafanue.

Mida ni mkono wa bahari wenye mlango mwembamba. Maji yakipwa, unabaki uwanda mpana wa matope na mchanga, na ndani ya matope hayo wamo kaa, minyoo na vikonokono kwa wingi usiosemeka. Hiyo ndiyo karamu. Yakijaa, karamu imefunikwa, na ndege hujikusanya kwenye mafungu ya mchanga yaliyobaki makavu, mguu mmoja juu, wakingoja. Ninyi watoto wa pwani mnajua bamvua na maji mafu, yale yasiyosogea sana, kuliko mimi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndiyo bamvua: maji hutoka mbali sana na kurudi juu sana. Siku hizo hapa kwetu hupwa kabisa saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa kwenye saa kumi au kumi na moja jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa dakika 50 hivi. Basi usiende yakiwa yamepwa kabisa, maana ndege watakuwa mbali, vitone tu. Nenda yakiwa yanarudi. Maji yanawasukuma hatua kwa hatua, na wewe umekaa kibandani, wanakuja wenyewe mpaka unaona jicho.

Na ukiona jicho, omba liwe la ndege mla kaa. Ni mweupe, mgongoni ana weusi, kama mtu aliyevaa kanzu na joho. Miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene kama patasi. Siku moja nilimtazama mmoja akikimbia hatua tatu, akasimama kama aliyesahau jambo, akakimbia tena, kisha chwap! Kaa hewani. Akamtikisa kushoto na kulia, mguu wa kaa ukaruka, wa pili ukaruka, kiwiliwili kikamezwa. Nyuma yake alisimama kinda, kimo kile kile cha mzazi, rangi imefifia, analia kwa sauti ya kuombaomba. Mzazi akamtafutia kaa mwingine. Kinda huyu amesafiri maelfu ya kilomita kwa mabawa yake mwenyewe, amefika Afrika, na bado analishwa! Akina mama wanaocheka huko nyuma naona wanamjua mtu wa namna hiyo.

Huyu si mzaliwa wa hapa. Huzaliwa kwenye fukwe na visiwa vya mchanga vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu. Wazazi huchimba shimo refu mchangani, mama hutaga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Ndege wengine wa pwani hutaga juu ya ardhi, mayai ya madoadoa. Wa chini ya ardhi ni huyu peke yake, na katika ukoo wake wa kisayansi hana hata binamu.

Zamani nilikuwa nikisimulia kwamba ndege hawa huja na kaskazi na kurudi na kusi, kama majahazi ya Waarabu. Maneno matamu, watu wakipiga makofi. Hadi nahodha mmoja mstaafu akaninyoshea mkono: "Ndege wako wanafika lini?" Nikasema, wa kwanza mwezi wa nane, wengi mwezi wa tisa. "Mwezi wa nane huvuma nini?" Nikanyamaza. Mwezi wa nane bado ni kusi, na kusi inawapiga usoni. Jahazi lingengoja. Kurudi ndiko kunakolingana: mwezi wa nne, kusi ikianza kushika, wanaondoka na upepo mgongoni. Tangu siku hiyo nimeupunguza mfano wangu nusu, na nawaheshimu ndege mara mbili.

Wapo pia wadogo kuliko kiganja, wanaotoka Siberia, kule barafu inakoyeyuka kwa miezi michache tu. Wanafika hapa rangi ya vumbi, na mwezi wa nne wanaanza kugeuka wekundu kama matofali, wamenona. Na yupo sululu, mwenye mdomo uliopinda kama sululu ya kuchimbia. Utamtambua bila kitabu. Ukiona ndege mwenye pete mguuni usishangae: shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya huwanasa, huwapima na kuwaachia. Tangu 2001 wana pia mpango wa ASSETS, ambao fedha za watalii wa Mida na msitu wa Arabuko-Sokoke husaidia kulipa karo za sekondari za watoto wa vijiji vya hapo. Kwa hiyo kiingilio cha daraja msikilalamikie.

Kuna aliyeuliza bata wahamaji aende kuwaona wapi: bata wa Ulaya wengi hupenda maji yasiyo ya chumvi. Nenda Ziwa Naivasha, lililoingizwa mwaka 1995 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu muhimu.

Ombi moja. Usimwendee ndege kwa miguu ili upate picha. Kundi likiruka linachoma mafuta ya safari, na safari yenyewe haina kituo cha kunywea chai baharini. Mchimba chambo anayepita na jembe lake hawamjali sana, wamemzoea. Wewe mwenye simu, unayewanyemelea umeinama kama chui, ndiye unayewatisha.

Jumamosi ni bamvua. Maji yatajaa kwenye saa kumi na nusu, na ndani ya Mida huchelewa kidogo. Tukutane mwanzo wa daraja saa nane kamili. Vaeni kandambili za zamani, maana matope ya Mida yakishika kiatu hayarudishi.