Tenganisha Mfumo na Kazi za Watu: Kusakinisha Alpine juu ya ZFS

Asanteni. Najua wengi mmekuja kuchukua amri za kusakinisha Alpine, Linux nyepesi, juu ya ZFS, mfumo wa kuhifadhi faili kwenye diski. Amri zinapatikana, na ukizinakili kwa utulivu mashine itawaka. Linalonisimamisha hapa ni swali ambalo hakuna amri itakayokuuliza: nini kikae wapi? Nimelisema mara nyingi, na leo nalisema tena, kwa sababu kila mwezi naletewa mashine ambayo aliyeisakinisha hakujiuliza.

Niwaambie nililolifanya mimi. Nilimsakinishia mtafsiri mmoja kompyuta ndogo, RAM gigabaiti 4, diski moja. Alpine niliichagua kwa wepesi wake: ukiisakinisha kwa kiwango cha chini kabisa inakaa kwenye megabaiti 130 hivi, haina systemd, ile programu kubwa ya kuendesha huduma kwenye Linux nyingi, inajiendesha kwa OpenRC, kiendesha huduma chepesi, na BusyBox, programu moja ndogo yenye amri nyingi, na ukiandika ps unamjua kila anayefanya kazi humo ndani. ZFS niliichagua kwa usalama. Nikaunda bwawa la hifadhi, zroot, na ndani yake dataseti moja, yaani sehemu ya bwawa inayojitegemea, iliyobeba kila kitu: programu, mipangilio, na /home, saraka ya kazi za yule dada mtafsiri. Nikapanga kila usiku ipigwe snapshoti, yaani picha ya data zilivyo wakati huo, nikaondoka nimeridhika.

Jumatatu moja nikasasisha mfumo. Kabla ya kugusa chochote nilipiga snapshoti nikaiita kabla. Ijumaa akanipigia simu: kamusi anayoitegemea haifunguki tangu Jumatatu, amekuwa akijikongoja bila hiyo. Nikaenda, nikawasha mashine kwa flashi, nikaliingiza bwawa, nikaandika zfs rollback, amri ya kuirudisha dataseti nyuma, kwenda kwenye kabla.

ZFS ikakataa. Ikaniambia zipo snapshoti zilizopigwa baada ya hiyo, ikanitajia moja moja, ya Jumatatu usiku, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na ikasema kama nakusudia kuzifuta niongeze -r. Maneno yalikuwa wazi kabisa kwenye skrini. Nami, akili yangu yote ikiwa kwenye kamusi, nikaongeza -r. Kazi ikaisha kufumba na kufumbua. Mashine ikawaka, kamusi ikafunguka. Yule dada akafungua saraka yake, akaniuliza: kurasa zangu za wiki hii ziko wapi?

Zilikuwa zimekwenda pamoja na zile snapshoti nne nilizozifuta kwa mkono wangu. Kurasa 40. Alizitafsiri upya, na sikuwa na la kumsaidia.

Sasa, kuna anayewaza: kosa ni -r, basi usiandike -r. Hapana. Hata kama kabla ingekuwa snapshoti ya mwisho, amri ingepita bila kuuliza na kazi ya siku nne ingepotea vilevile. Kosa lilifanyika siku ya kusakinisha. Kuurudisha nyuma mfumo wa uendeshaji ni jambo la kawaida; kuirudisha nyuma kazi ya mtu ni msiba. Ukiviweka kwenye dataseti moja, umevifunga kamba moja.

Kwa hiyo nasisitiza: mfumo ukae kwenye zroot/ROOT/alpine, mountpoint yake, yaani mahali inapopachikwa, iwe /, na canmount iwe noauto, isijipachike yenyewe. Kazi za watu zikae kwenye zroot/home. Zote zinachota nafasi kutoka bwawa lilelile, hamkati patisheni wala hamkisii ukubwa. Hii ndiyo raha yenyewe ya ZFS, nami nashangaa mtu anapoisakinisha kama mfumo wa faili wa kale, kila kitu gunia moja.

Kuna wanaosikia neno kutenganisha wakapitiliza, wakatenga /var yote, saraka ya data za mfumo zinazobadilikabadilika. Msifanye hivyo kabla ya kuangalia kilichomo. Debian, Linux nyingine, huweka orodha ya vifurushi vyake ndani ya /var/lib/dpkg. Ukiurudisha nyuma mzizi, yaani dataseti ya mfumo, na /var ikabaki mbele, orodha itasema una toleo jipya wakati faili zenyewe ni za toleo la zamani, na hapo kila usasishaji utakuwa ugomvi. Alpine ina nafuu, kwani apk, kisakinishi chake cha vifurushi, huweka orodha yake kwenye /lib/apk, inasafiri na mzizi. Mimi hutenga /var/log peke yake, kwa sababu mfumo ukiharibika kumbukumbu za tukio ndizo ninazozihitaji, na sitaki zirudi nyuma pamoja na mgonjwa.

Ukishatenganisha, kuna mtego. Mzizi unapachikwa na initramfs, mfumo mdogo wa muda unaotangulia mashine ikiwaka, lakini /home inasubiri huduma za OpenRC. Usipoandika rc-update add zfs-import sysinit, na vilevile zfs-mount, mashine itawaka vizuri tu, utaingia, na /home itakuwa tupu. Nimewaona watu wazima wakitokwa jasho hapo. Andika zfs mount -a, faili zote zinarudi machoni, hazikwenda popote. Kisha ongeza huduma hizo, na hutauona mtego huo tena.

Na kurudi nyuma kwenyewe, acheni kukimbilia rollback. Mtu akipoteza faili moja, ndani ya kila dataseti kuna saraka iliyofichwa, .zfs/snapshot. Haionekani hata kwa ls -a, lakini andika cd uingie, utakuta kila snapshoti ni saraka ya kawaida. Nakili faili yako utoke. Mfumo mzima ukiharibika, piga zfs clone, yaani unda nakala inayoandikika, kutoka snapshoti nzuri, uwashie kwenye nakala hiyo. Mzizi ulioharibika unabaki pale ulipo, unaweza kuuchunguza kesho. Siku ile ningefanya hivyo, kamusi ingefunguka na kurasa zingekuwepo.

Nasikia lile swali la kila siku: mfumo mwepesi namna hii, kwa nini kuutwisha mfumo wa faili mzito? Uzito unaousema ni ARC, akiba inayokaa kwenye RAM. Kwa miaka mingi kikomo chake kwenye Linux kilikuwa nusu ya RAM, na programu zikihitaji nafasi inaachia. Kama bado una wasiwasi, weka zfs_arc_max=536870912 kwenye /etc/modprobe.d/zfs.conf, hiyo ni megabaiti 512, kisha endesha mkinitfs, inayounda initramfs upya, la sivyo moduli itapakiwa mapema bila kuiona mipangilio yako. Kazi ya ZFS ilianza Sun Microsystems mwaka 2001, mikononi mwa Jeff Bonwick na Matthew Ahrens, na wazo lake la msingi halijazeeka: kila bloku, yaani kipande cha data, ina cheksamu, namba ya kuihakiki, na cheksamu hiyo haikai na bloku yenyewe, inakaa kwa mzazi wake, bloku inayoielekezea. Diski ikikudanganya, mzazi anajua.

Utaniambia: kwenye diski moja ZFS itagundua tu, haitaponya data yako, isipokuwa metadata, yaani taarifa kuhusu data hiyo, ambayo huwekwa zaidi ya nakala moja. Ni kweli. Lakini zpool status -v itakutajia faili iliyoharibika kwa jina lake. Mimi nataka kuambiwa. Na anayeleta hoja ya ile hitilafu ya ZFS ya Novemba 2023, analeta hoja ya haki: data zilisomwa vibaya kimyakimya, toleo 2.2.0 likalaumiwa kwanza, kisha ikabainika kasoro ni ya siku nyingi. Ikarekebishwa kwenye 2.2.2 na 2.1.14. Ndiyo maana nasema snapshoti si nakala rudufu. Tumeni data kwenye diski ya pili kwa zfs send.

Naona naonyeshwa saa. Haraka basi: ashift=12, yaani sekta za baiti 4096, wakati wa kuunda bwawa, maana diski nyingi hujitangaza zina sekta za baiti 512 wakati ni 4096, na ukishaunda huwezi kubadili. Majina ya diski yachukueni kwenye /dev/disk/by-id, si sda na sdb. Neno zfs liwemo kwenye features za mkinitfs. GRUB, kiwashi cha Linux nyingi, haielewi vipengele vyote vya ZFS, kwa hiyo mimi hutumia ZFSBootMenu, menyu ya kuwashia inayoielewa ZFS. Ya kwa nini, tutazungumza nje.

Nilichobakiza ni mashine hii iliyo mezani. Ndani ya /home nimeandika ukurasa mmoja asubuhi ya leo, na snapshoti ya mzizi niliipiga jana. Wewe wa mbele, njoo. Futa /usr/bin yote. Ndiyo, yote. Sasa zima, uwashe. Ukiona menyu, chagua snapshoti ya jana, unda nakala, uwashie humo. Tusubiri... Imewaka. Fungua /home, usome mstari wa kwanza kwa sauti ili na wa nyuma wasikie.